Glita ya plastiki, selulosi, ulanga au puleki: kipi kinafaa harusi ya Lamu?

Mwezi wa Mfungo Mosi (Shawwal) ukishaandama, maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, hujaa vipakiti vya glita: dhahabu, fedha, waridi, bluu ya tausi. Vinaning'inia milangoni pamoja na riboni na karatasi za zawadi, na mama mwenye harusi akipita hachelewi kushika viwili vitatu. Mimi ni mpambaji wa maharusi, na swali ninaloulizwa na kina mama kuliko yote ni hili: "Mwanangu, hizi zote si zang'aa tu? Nitwae ipi?"

Kung'aa zinang'aa zote, ila hazilingani. Nitazipambanisha hapa kama ninavyofanya nikikaa na familia kupanga kazi: imetengenezwaje, inaonekanaje usiku wa kupamba, na ikishatumika inakwenda wapi. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asisumbuke. Usoni mwa bi harusi nataka ulanga, yaani unga wa jiwe ling'aalo. Nguoni na jukwaani nataka puleki na zari. Kwenye keki, ile ya kuliwa peke yake. Selulosi, glita itokanayo na miti, naiwekea pahali pamoja tu ambapo lazima upate chembe zinazometa. Glita ya plastiki ya kumwaga siioni tena pahali pake katika harusi za kisiwa hiki, wala si kwa ubaya wa sura, maana kwa sura ndiyo inayozishinda zote.

Plastiki: hakuna inayometa kuliko hii

Glita tunayoijua leo inahesabiwa kuanzia mwaka 1934 huko New Jersey, Marekani, na anayetajwa ni fundi mitambo Henry Ruschmann, aliyepata namna ya kukatakata mabaki kwa mashine yakawa vipande vidogo sana. Siku hizi mali ghafi yake ni poliesta, plastiki ya jamii ileile ya chupa za maji, iliyovutwa ikawa utando mwembamba. Utando huo hupitishwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Humo alumini hupashwa moto hadi ikawa mvuke, na mvuke ule ukitua juu ya plastiki hugandamana nayo ikawa kioo cha kujitazamia. Juu ya kioo hicho hupakwa rangi inayopitisha mwanga, kwa hiyo glita nyekundu ni fedha iliyovishwa wekundu. Zile zinazogeuka kama upinde wa mvua huwa zimechorwa mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, na mistari hiyo ndiyo inayoupasua mwanga ukatoka rangi rangi.

Kisha huja visu vya kuzunguka. Vinakata utando kuwa vipande vya pembe sita, kwa kuwa pembe sita hukaa ubavu kwa ubavu bila kuacha mwanya na utando hauendi bure. Vidogo kabisa hufika sehemu ya 0.05 ya milimita, vikubwa vya mapambo hufika milimita 6.

Weka chembe moja juu ya ukucha uitazame kwa kamera ya simu, umeivuta karibu. Utaona kigae chenye pembe kali, ubapa kama kioo, na pengine ukingo wa fedha mahali kisu kilipopita. Ukimwaga kijiko kimoja, kila kigae kinalala kwa mwelekeo wake. Wewe ukisogeza kichwa kidogo tu, vile vilivyokuwa vimezima vinawaka na vilivyowaka vinazima. Hapo ndipo utamu wote ulipo.

Sifa zake nyingine ni za kweli. Bei yake ni nafuu, rangi zake hazina idadi, na jasho haliiyeyushi hata katika joto la kaskazi. Ila pembe zile kali ni hatari kwa jicho: kigae kikiingia na mtu akafikicha, kinaweza kukwaruza mboni. Ile iliyouzwa kwa kazi za mikono shuleni haifai kope kabisa, kwa kuwa vipande vyake huwa vikubwa na rangi zake hazikupimwa kwa ajili ya mwili. Hata ndugu akisema aliipaka mwaka jana na hakudhurika, mimi siipaki.

La pili ni njia inayopita baada ya sherehe. Mji wetu wa kale una mitaro ya wazi inayoteremka hadi pwani, na maji ya kuoshea uso wa bi harusi na ya kudekia ukumbi huishia huko. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na matope ya mikoko hushika kila kinachokuja na maji. Watu wa Lamu tunajua plastiki ya baharini ni nini. Jahazi la Flipflopi lilijengwa hapahapa chini ya fundi Ali Skanda, kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara za rangi zilizochakaa, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Lakini ndara huokotwa kwa mkono. Glita ikishaingia mchangani hakuna wa kuiokota, hata kijiji kizima kikitoka na vikapu.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa glita ya plastiki ya kumwaga kuanzia tarehe 17 Oktoba 2023. Vipodozi vilipewa muda zaidi, na vile vya kupamba uso vina hadi 2035. Kwetu, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na kuanzia Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa katika mbuga na fukwe zinazohifadhiwa. Sitaki kusubiri sheria nyingine inifikie ukumbini.

Kabla ya kuchagua, jua unachokipenda

Wateja wengi hutaka "iwake". Nawauliza: iwake vipi? Kuna kumeta, yaani vicheche vinavyopasuka na kuzima, na kuna mng'ao, yaani mwanga mlaini unaotandaa kama juu ya lulu. Hivi ni vitu viwili, na vinataka mali mbili tofauti.

Kupenda vyote viwili ni jambo la kale kuliko kiwanda chochote. Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji na Marekani walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mvuto wa vitu ving'aavyo unahusiana na haja ya maji: watu waliokuwa na kiu walizidi kuvutiwa na vya kung'aa. Watafiti wengine waliwahi kuona watoto wachanga wakilamba vitu vya kung'aa kuliko vilivyofifia. Mimi naikubali habari hiyo kwa urahisi, kwa sababu nimekua mahali ambapo kila asubuhi jua linatoka upande wa kisiwa cha Manda likitapakaa juu ya mkondo wa maji, na mtu mzima mwenye shughuli zake husimama gatini akatazama.

Hata ndani ya nyumba, wazee wetu walijua kucheza na mwanga. Nyumba kubwa za mawe za Lamu zina zidaka, ukuta wenye vishubaka vingi vya chokaa nyeupe iliyochorwa, na ndani yake ziliwekwa sahani na bakuli za kauri zilizokuja na majahazi. Taa moja ya mafuta ilitosha: chokaa iliulainisha mwanga, kauri iliurudisha. Bi harusi alionyeshwa mbele ya ukuta huo akiwa amepambwa kwa dhahabu na hariri. Hapakumwagwa kitu chochote.

Sasa fikiria usiku wa kupamba wenyewe. Bi harusi ameketi jukwaani, ametulia, macho ameyateremsha. Wanaotembea na kucheza ni wageni. Kumeta kunahitaji mwendo: ama kinachometa kisogee, ama mtazamaji, ama taa. Vigae vya glita vikikaa juu ya uso usiosogea, aliye mstari wa nyuma haoni vicheche, huona madoa meupe, na picha ya mwako wa kamera huyafanya madoa yale yaonekane kama chunusi za fedha. Mng'ao haumtaki mtu acheze. Kwa hiyo mtu anayekaa tuli apewe mng'ao, na kumeta wapewe wanaocheza: dada zake, mashangazi, wale wa ngoma ya vugo waliovaa madera yaliyojaa puleki. Nikipanga hivyo, ukumbi mzima unaonekana hai na bi harusi ndiye aliyetulia katikati yake.

Ulanga: wa uso

Ulanga ni jiwe linalochanika tabaka kwa tabaka, jembamba hadi likapitisha mwanga. Afrika Mashariki si mgeni: milima ya Uluguru, Morogoro, ilichimbwa ulanga tangu enzi za Wajerumani. Kwa vipodozi husagwa na kuchujwa, kisha kila kipande huvikwa utando wa madini mengine, oksidi ya titani au kutu ya chuma. Unene wa utando huo ndio unaoamua rangi: ukizidishwa kidogo fedha hugeuka dhahabu, ukizidishwa tena huelekea wekundu, na hatimaye bluu na kijani.

Ukiupaka kwa kidole juu ya mfupa wa shavu, hauonyeshi chembe moja moja. Ngozi inaonekana kama imetoka kupakwa mafuta mazuri. Unakaa vyema juu ya rangi zetu zote, maji ya kunde na weusi uliokoza, ila mweusi apewe wa dhahabu au shaba, kwa kuwa ule mweupe wa fedha humfanya aonekane amejaa vumbi. Kwa kope, chagua wa unga laini kabisa. Usiupulize wala kuukung'uta hewani, maana unga wa jiwe haufai kuvutwa kifuani.

Lawama yake iko migodini. Sehemu kubwa ya ulanga wa vipodozi hutoka India, hasa majimbo ya Jharkhand na Bihar, na pia Madagascar, na sehemu zote hizo zimekutwa na watoto wanaouokota na kuupasua. Siwezi kumpamba binti wa watu kwa jasho la mtoto wa mwingine nikalala usingizi. Ndiyo sababu nachagua ulanga wa kutengenezwa: madini huyeyushwa pamoja katika joto kali sana, kisha hupozwa polepole yakajenga fuwele. Unatoka safi, mweupe zaidi, na mng'ao wake unazidi ule wa mgodini. Kwenye kopo tafuta maandishi Synthetic Fluorphlogopite. Ukiona Mica peke yake, ni wa kuchimbwa, muulize muuzaji umetoka wapi. Ukiona Polyethylene Terephthalate, hiyo ni plastiki hata kama kopo limeandikwa "asilia" kwa herufi kubwa.

Bei yake iko juu ya plastiki, lakini kijikopo kidogo kinapamba maharusi wengi.

Selulosi: nia njema, lakini isimwagwe kiholela

Hii ndiyo inayouzwa kwa jina la glita inayooza. Utando wake hutokana na miti, mara nyingi mikaratusi, badala ya mafuta ya ardhini. Iliyozoeleka bado huvikwa alumini nyembamba na rangi, na baadhi ya zile za mwanzo zilikuwa na utando wa plastiki juu yake. Ni laini kuliko poliesta, kwa hiyo uso haiuonei sana, ila jasho na maji huilegeza, na kwa macho yangu inameta kidogo chini ya plastiki. Lamu haipatikani kirahisi, utaagiza Mombasa au Nairobi.

Wengi huinunua wakidhani sasa wana ruhusa ya kumwaga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin, Uingereza, waliijaribu katika maji baridi ya mtoni kwa siku 36, pamoja na ya plastiki na ya ulanga. Mizizi ya mmea mdogo uitwao dakiwidi ilipungua nusu kwa glita za aina zote, na chembe za kijani za majini nazo zikapungua. Ile ya selulosi iliongeza hata konokono wa kigeni. Kuoza kuna muda wake na mahali pake, na lililo majini leo linafanya kazi leo. Mwatambua kwamba hata ulanga ninaoupenda umo katika hesabu hiyo, ndiyo maana wa usoni naupaka kidogo na siuoshei mtaroni.

Kuna kitu cha kutazamia hapa. Mwaka 2021 kundi la Silvia Vignolini wa Chuo Kikuu cha Cambridge lilichapisha njia ya kutengeneza glita ya selulosi tupu, haina alumini wala rangi. Nyuzi ndogondogo za selulosi hujipanga zenyewe maji yanapokauka, na mpangilio huo ndio unaorudisha bluu, kijani au nyekundu. Kundi hilo lilikwisha kuchunguza tunda la msitu wa Afrika, Pollia condensata, ambalo bluu yake kali inatoka kwenye mpangilio wa namna hiyo. Siku ikifika dukani kwa bei ya mtu wa kawaida, nitakuwa wa kwanza kuiagiza.

Kwa sasa naitumia pahali pamoja tu: mstari mwembamba kwenye nywele za wasichana wanaosindikiza, ukiwa umeshikwa na jeli.

Puleki na zari: za nguo na jukwaa

Nikiulizwa ni ipi yenye thamani kwa pesa yako, jibu ni hii bila kusita. Zamani puleki zilikuwa vipande vya madini vilivyopondwa vikawa bapa, na zari ilikuwa uzi uliozungushiwa utepe wa fedha uliotiwa dhahabu. Leo nyingi ni plastiki na poliesta iliyovikwa alumini, yaani utando uleule wa glita. Sijifichi katika hilo. Tofauti ni kwamba zimeshonwa. Zina tundu, zina uzi, zina mwenyewe. Sherehe ikiisha zinakunjwa.

Kitambaa cha wavu kilichojaa puleki nyuma ya jukwaa, taa mbili zikielekezwa kutoka ubavuni badala ya usoni, na pangaboi ndogo inayokitikisa polepole, huwaka usiku kucha. Pangaboi ndiyo siri yenyewe: bila hiyo kitambaa kinakufa. Nimeona familia zikinunua vipakiti vingi vya kumwaga mbele ya jukwaa wasipate hata robo ya uzuri huo, na kesho yake wasichana wa nyumba wamepiga magoti wakifagia.

Halafu kuna la kuazimana. Lamu bado jirani humwazima jirani shela, mito ya jukwaa, mikufu. Kitambaa cha puleki kimoja cha maana kikinunuliwa na ukoo, kitapamba mabinti wa shangazi na wajukuu. Kasoro zake: kinakwaruza mkono, kwa hiyo nguo ya bi harusi lazima itiwe bitana, kina uzito, na fundi wa kushona kwa mkono anataka kuambiwa mapema. Mtoto mchanga asikalishwe karibu, puleki iliyolegea huishia mdomoni.

Hina na keki

Siku hizi wapo wanaotaka piko na hina zitiwe mistari ya glita. Nakataa, na sababu ni pilau. Sisi tunakula kwa mkono, na bi harusi hulishwa na kulisha. Glita ya kiganjani itafika kwenye tonge kabla ya usiku wa manane. Hina iliyokoza ikapakwa mafuta kidogo ya lozi ina mng'ao wake, hiyo yatosha.

Keki ni jambo zito zaidi. Mwaka 2018, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa rangi ya waridi na dhahabu. Unga ule haukuwa wa kuliwa, ulikuwa na shaba nyingi. Glita ya chakula hutengenezwa kwa sukari, gundi ya mgunga, wanga wa mahindi na rangi za chakula, na kopo lake huorodhesha viambato na kusema waziwazi kwamba huliwa. "Haina sumu" haitoshi: gundi ya shule nayo huandikwa hivyo. Mwoka keki akikosa kukuonyesha kopo, mwambie aweke maua ya sukari.

Kujaribu kipakiti kisicho na maandishi

Vingi vya dukani havina lebo, basi tumia moto. Shika chembe chache kwa ncha ya kibano, ukiwa nje, sufuria ya maji karibu, na uzisogeze kwenye mwali wa kibiriti. Plastiki hujikunja na kuyeyuka ikawa kishanga kigumu. Selulosi huwaka kama karatasi na kuacha jivu. Ulanga hauungui, hukaa vilevile. Kwa rangi, tia chembe kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha: nyingi za bei rahisi huchuja papo hapo zikabaki fedha tupu, na iliyochuja hivyo itachuja pia juu ya nguo nyeupe ikipata manukato.

Kama familia imeshanunua ya plastiki na haitaki kuitupa, naomba itiwe ndani ya kitu kilichofungwa: chini ya gundi nzito kwenye fremu ya picha, au ndani ya mishumaa ya taa za betri iliyozibwa. Isitiwe kwenye puto wala kurushwa juu ya maharusi.

Na ya usoni, ya aina yoyote, isioshwe kwa maji kwanza. Paka mafuta ya nazi, subiri kidogo, futa kwa pamba kutoka nje kuja ndani ili chembe zisielekee jichoni, halafu zilizobaki zibandue kwa kipande cha selotepu, upande wa gundi ukigusa ngozi taratibu. Pamba na selotepu vifungwe kwenye karatasi viende jaani. Ndipo bi harusi aoge.